Siku Tufani Ilipoitwa Mpita Njia

Siku hizi simu yangu huniletea ujumbe wa hali ya hewa. Unasema mvua kubwa zenye radi na upepo mkali zinatarajiwa, wananchi wachukue tahadhari. Hausemi mvua itatokea upande gani, itafika saa ngapi, wala kama ni ya kulala au ya kupita. Nikiusoma hucheka peke yangu. Nimefundisha shule ya msingi hapa Baraka miaka mingi. Nimeandika ubaoni maneno ya Kifaransa, orage ya mvua ya radi na rafale ya upepo mkali, watoto wakaimba baada yangu. Nimesoma pia vitabu vya Kiswahili vyenye dhoruba, tufani na gharika. Ni maneno mazuri, sina ugomvi nayo. Lakini ukiwa umeanika ndagala pwani, na nyuma ya milima ya Fizi kumeanza kunguruma, unataka kujua jambo moja tu: niokote au niache?

Ndagala ni samaki wadogo wa ziwa letu, urefu wa kidole. Huvuliwa gizani kwa taa, na asubuhi hufika pwani bado zinameta. Jua moja zuri linatosha kuzikausha, na mvua moja inatosha kuziharibu. Ndagala iliyonyeshewa hugeuka manjano, kichwa hukatika, harufu yake huingia hata kwenye nguo, na hakuna wa kuila ila bata. Mshahara wa ualimu ukichelewa, na hapa haujui kuwahi, mimi pia hushuka pwani na beseni zangu kama wanawake wengine.

Sisi wa pale mchangani tuna majina yetu ya mvua, na ni matatu tu. La kwanza ni machozi: manyunyu yasiyolowesha hata kitambaa cha kichwa. Yakija unaendelea na soga zako. La pili ni mpita njia: mvua ya robo saa, inakuja na makelele mengi kisha inaenda zake ziwani. Hiyo unafunika ndagala kwa turubai, unaweka mawe pembeni, unasubiri. La tatu ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba akifika, mpangaji anabeba vyombo vyake na kutoka, hakuna mazungumzo. Hiyo ndiyo ile yenye radi na upepo wa kung'oa mabati, mvua inayokuja kukaa. Ukisikia jina hilo unaacha soga, unaacha kandambili, unaokota kila kitu na kukimbia. Wageni wakilisikia mara ya kwanza hugeuka kutafuta mwanamume anayedai kodi. Tumewacheka wengi.

Jina halitolewi na kila mtu. Kila siku ya kuanika tunakuwa na mwanamke mmoja tunayemwita Jicho. Yeye siku hiyo haaniki hata samaki mmoja. Anakaa juu ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa, anaiangalia milima, na jioni kila mmoja wetu anampa bakuli moja la ndagala kavu. Mwenye mali yake mchangani huona kwa woga, au huona kwa tamaa. Asiye na kitu ndiye huona wingu lilivyo. Ndivyo tulivyowakuta mama zetu wakifanya, na sisi tukafuata.

Na kuna sheria moja: hakuna anayeokota kabla Jicho hajaita. Mmoja akianza, wote wanaruka, wanakanyagana, ndagala zilizokauka nusu zinarundikwa pamoja na kuchacha. Lakini sababu kubwa ni heshima. Ukiokota kabla ya Jicho, umemwambia mbele ya watu kwamba haoni, au kwamba ni mwongo. Mwanamke wa kufanya hivyo huambiwa atafute mchanga mwingine.

Jicho bora kuliko wote alikuwa mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu mzazi. Wao walizaliwa wawili tu. Mama mdogo ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa sokoni, na ndiye aliyenifundisha mvua. Mgeni huangalia ziwa, alikuwa akisema, kwa sababu ziwa ni kubwa na linang'aa. Lakini mwenye nyumba hutoka nyuma yako, milimani. Alinifundisha kuangalia moshi wa majiko: ukipanda wima na kujikunja juu, kaa, ukilala na kuelekea ziwani, simama. Alinifundisha kusikiliza upepo unapokatika ghafla, na kuangalia maji ya kule kwenye rasi ya Ubwari yanavyobadilika rangi na kuwa kama maji ya kuvundikia muhogo. Nilipokuwa na miaka kumi nilikuwa natabiri mvua ya mchana na kujivuna shuleni. Yote niliyokuwa najivunia yalikuwa yake.

Mama yangu alikuwa mkubwa na alijua kwamba ni mkubwa. Yeye ndiye aliyesimamia harusi ya mdogo wake, yeye ndiye aliyempa turubai la kwanza, yeye ndiye aliyemjengea jiko. Watu wa Baraka walimwita mama mdogo "mudogo wake" hata mvi zilipomjaa kichwani. Naye alikuwa akicheka tu. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na mimi nilidhani mtu anayecheka hana kitu moyoni.

Mama alifariki, na mwaka ukapita. Ikabaki siku ya kumaliza matanga. Kwetu siku hiyo ukoo wote unakuja, watu wanakula, na wakishashiba mkubwa wa ukoo anasimama na kusema kama marehemu aliacha mtu au hakuacha. Hasemi kwa maneno mengi. Akisema "aliacha mtu," maana yake yupo aliyebaki anayeweza kukusanya watu na kuwalisha, jina halijafa. Mimi ni mtoto pekee wa mama yangu. Kuna waliomsema maisha yake yote kwa sababu hiyo, kwamba mwanamke wa mtoto mmoja, tena wa kike, ni kama aliyeazima uzazi. Nilitaka maneno yale mawili yasemwe mbele yao wote. Sikutaka kingine.

Katika kikao cha familia tuligawana kazi. Bugali, mafuta ya mawese, kuni, viti vya kanisa. Ilipofika mboga, mama mdogo aliinua mkono.

"Mi naweza kuleta ndagala," akasema.

"Hapana, Mama mudogo," nikamwambia. "Hiyo ni yangu. We ukae tu, tutakuletea sahani."

Watu walicheka kwa furaha, yeye akacheka nao na kupiga makofi. Niliona nimemheshimu. Mtu mzima amefiwa na dada yake, apumzike.

Wiki moja kabla ya matanga mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Mwezi ukijaa, taa za wavuvi hazina kazi, ndagala hazikusanyiki, mitumbwi inalala siku kadhaa. Kwa hiyo asubuhi ile ilikuwa ya mwisho kupata samaki wabichi kabla ya wageni kufika. Niliomba ruhusa shuleni. Nilijaza beseni sita, nikaanika eneo kubwa ambalo sijawahi kuanika maishani, kutoka kwenye mtumbwi mbovu hadi karibu na majani. Upande wangu wa kushoto alianika mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, mkulima, ambaye ziwa alilijua ukubwani. Alikuwa mtu wa kazi na wa maneno machache. Kila jambo alilofanya aliniangalia kwanza mimi nifanyeje.

Zamu ya Jicho ilikuwa ya mama mdogo. Nilifurahi. Nilisema moyoni kwamba mama mwenyewe ndiye aliyepanga zamu ile.

Jua lilikuwa kali, ndagala zikaanza kulia zikiguswa, ile sauti ya vijiti vikavu. Adhuhuri ilipopita kidogo, mama mdogo alishuka kwenye mtumbwi.

"Niko naenda kunywa dawa ya tension," akaniambia. "Sitakawia."

Hakuna aliyeona ajabu. Presha yake tuliijua wote, na anga lilikuwa jeupe. Alikaa huko muda wa kupika maharagwe nusu. Aliporudi nilimpelekea maji ya kunywa, na alipopokea kikombe niliona magamba ya ndagala kwenye mkono wake, madogo, yanang'aa, kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo. Niliyaona na nikayaacha. Pwani kwetu magamba yapo mpaka kwenye uji. Nilidhani amemsaidia mtu.

Kisha upepo ukakatika. Nilikuwa nimeinama nikigeuza ndagala, nikahisi shingo imepata joto. Niliinua kichwa. Moshi wa majiko ya juu ulikuwa umelala, wote, ukielekea ziwani. Nyuma ya milima wingu lilikuwa limeinua bega moja, jeusi chini na jeupe juu, nalo halikuwa linapita pembeni, lilikuwa linakuja. Mama wa Burundi alisimama na kuniangalia. Nilimwambia kwa mkono asubiri, nikaenda kwenye mtumbwi.

"Mama mudogo, ile wingu..."

"Nimeiona. Mupita njia."

"Lakini moshi iko inalala. Angalia pale."

"Nimeangalia."

"Na upepo umekatika."

Akanigeukia na kuniangalia vizuri, kama mtu anayenipima nguo. "Mwanangu, leo Jicho ni mimi ao ni wewe?"

Niliutazama tena moshi, kisha nikamtazama yeye. Alikuwa amenifundisha kila kitu nilichokuwa nikikiona. Kama mimi naliona hili na yeye analiona lile, basi kosa ni langu. Ndivyo nilivyofikiri, na sioni hata leo ningefikirije vinginevyo. Akasimama juu ya mtumbwi na kupaza sauti ile ambayo wanawake wote waliiamini.

"Bamama! Mupita njia! Funikeni tu, musiokote!"

Tukafunika. Nilirudi nikavuta maturubai yangu, nikaweka mawe, na mama wa Burundi akafanya kama mimi. Mikono yangu ilikuwa inataka kuokota. Naikumbuka ilivyokuwa inawasha.

Mvua haikuanza kwa matone. Ilianza kwa sauti, kama lori linalomwaga changarawe kule juu kwenye mwinuko, kisha tukaona mstari mweupe ukishuka kupitia migomba, na migomba ikawa inalala mmoja baada ya mwingine. Upepo ulitangulia. Uliingia chini ya maturubai, ukayainua na mawe yake, turubai langu kubwa likaondoka likiruka hadi majini. Ikafuata mvua ya mawe, halafu maji. Radi ilipiga mchikichi nyuma ya kanisa, tukaona mwanga na kusikia mlio kwa pamoja, bila nafasi katikati. Bati moja lilipita juu ya vichwa vyetu likielekea ziwani. Vijito vilishuka kutoka barabarani, vikapita katikati ya mchanga na kuzoa ndagala zangu, nikaziona zikirudi ziwani kama zimebadili mawazo.

"Mwenye nyumba!" mama mdogo akapiga kelele. "Bamama, mwenye nyumba!"

Maji yalikuwa tayari yako kwenye magoti. Mwanamke mmoja alicheka, kicheko kibaya. Mama wa Burundi alikuwa amelala kifudifudi juu ya turubai lake, amelishika kwa mikono na miguu. Alipoinuka, mchanga chini ya turubai ulikuwa mtupu.

Mvua ile ilinyesha mpaka magharibi, na siku tatu zilizofuata ikawa inarudi kila mchana. Hakuna ndagala hata moja iliyokauka pwani ya Baraka wiki ile. Wanawake walisema wingu limetudanganya. Walisema hata Jicho ni mtu. Mama mdogo alilia, alikaa kwenye kibaraza changu akilia kwa kwikwi, na mimi, mwenye hasara kubwa kuliko wote, nilimkanda mgongo na kumwambia asijilaumu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ndagala zilizooza nimeshazisahau, mkono wangu mgongoni mwake bado.

Wageni walifika. Wa Nundu walikuja kwa pikipiki, watatu watatu, nguo zao nzuri zimefungwa kwenye mifuko. Mjomba mmoja, binamu yake mama, alitoka Kazimia kwa boti. Nilikuwa na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, na maharagwe, na moyo mzito. Wanawake wa ukoo walifunua sufuria zangu na kuzifunika tena bila kusema neno, na kwetu kimya cha aina hiyo kinasikika hadi barabarani. Samaki hakuna. Wamesafiri toka Nundu kuja kula majani, pembeni mwa ziwa.

Ndipo vigelegele vikasikika njiani. Mama mdogo alikuwa anakuja, amevaa kitenge kipya, na nyuma yake wajukuu wawili wa jirani wamebeba gunia la ndagala kavu, limejaa hadi mdomoni. Watu walisimama. Aliweka gunia mbele ya jiko langu akanikumbatia.

"Nimenunua Kazimia," akasema kwa sauti ya kusikika. "Sikutaka mutoto wa dada yangu apate haya."

Nililia kwa shukrani. Nilimshukuru Mungu na yeye pamoja. Kisha nikavuta gunia jikoni, nikachota ndagala za kwanza kuziosha.

Maji yalibaki safi. Ndagala ya pwani, hata ukiipepeta vipi, hutoa mchanga chini ya beseni. Hizi hazikutoa hata chembe. Zilitoa majani makavu ya miti ya uani. Zilikuwa zimeanikwa kwenye turubai uani mwa mtu, si pwani. Na zilikuwa nyeupe, kavu kabisa, vichwa vyote mahali pake. Nilitoka nje nikamuuliza mjomba wa Kazimia kama kwao wiki hii kumepatikana ndagala. Akanishangaa. Mwezi umejaa, akasema, wavuvi wote wamelala, na mvua ilituchapa huko kama ilivyowachapa nyinyi. Mimi mwenyewe, akaongeza, nimekuja mikono mitupu.

Nikarudi jikoni, nikakaa kwenye kigoda. Samaki wale walikuwa wabichi siku ileile waliyokuwa wabichi wa kwangu, na walikauka jua lileile. Walikuwa uani kwa mtu wakati Jicho, asiyepaswa kuwa na kitu, amekaa kwenye mtumbwi. Na adhuhuri ile dawa ya presha haikunywewa. Aliliona wingu kabla yetu sote, akaenda kuokota zake, akarudi na magamba mkononi, akanywa maji yangu, akanitazama machoni, akaipa tufani jina la mvua ya robo saa. Nikajua kwamba nikitoka na kusema, nitavunja matanga ya mama yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Naye alilijua hilo pia. Alikuwa amehesabu kila kitu, kama alivyozoea kuhesabu mawingu.

Nilipika. Watu walikula mpaka wakalamba vidole. Walipomaliza, mkubwa wa ukoo wa mama, mzee wa Nundu asiye na haraka, alisimama kwa fimbo yake.

"Marehemu aliacha muntu," akasema.

Nilifunga macho.

"Aliacha mudogo wake. Tumemuona leo. Asante, mama."

Vigelegele. Mama mdogo aliinama, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na machozi yale, naapa, yalikuwa ya kweli. Kisha wakaniambia mimi nisimame nimshukuru kwa niaba ya nyumba. Nikasimama. Nikashukuru. Kama mwalimu nina sauti ya kufikia watu wa nyuma, na niliitumia yote.

Sikumwambia mtu yeyote. Mwanzoni nilisema nasubiri matanga yaishe, kisha nikasema nasubiri mvua ziishe, kisha ikawa aibu kuuliza kwa nini nilinyamaza. Mama mdogo aliendelea kupata zamu yake ya Jicho, na sitadanganya, hakukosea tena hata mara moja. Lakini mama wa Burundi hakumwamini tena. Hakuwa na ushahidi wowote, alikuwa na turubai tupu tu. Siku moja, miezi kadhaa baadaye, moshi ulilala kidogo, naye akaanza kuokota kabla ya kuitwa. Wanawake walimpigia kelele. Walimwambia kama haamini macho ya watu wa hapa, arudi kwenye mashamba. Aliniangalia mimi, kama alivyozoea, nifanyeje. Nilikuwa mtu pekee pale mchangani aliyejua kwamba ana haki. Nikainama nikageuza ndagala zangu. Siku iliyofuata hakuja, na nasikia sasa analima muhogo upande wa Mutambala. Hilo pia ninalihesabu juu ya mama mdogo, ingawa usiku nikiwa mkweli najua sehemu yake ni yangu.

Sasa macho yake yameingia ukungu. Hatoki tena kwenda pwani. Ninamhudumia kwa sababu hana mwingine, na kwa sababu watu wanaangalia. Msimu wa mvua uliopita nilimkuta uani kwake ameanika muhogo kwenye maturubai, ndio chakula chake cha mwezi mzima. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, uso ameuelekeza milimani kwa mazoea.

"Ni wewe?" akauliza. "Upepo umekatika. Niambie moshi iko namna gani."

Niliangalia. Moshi ulikuwa umelala.

"Mwenye nyumba," nikamwambia.

Sikufikiri. Nilianza kuokota, nikaingiza turubai la mbele, nikaingiza la pembeni, kisha nikamshika mkono na kumwingiza yeye. Mvua ikatukuta mlangoni. Nyumba yake ni ya mabati bila dari, na mvua ya namna ile ikipiga mabati huwezi kunong'ona. Labda ndiyo sababu nilisema. Niliinama kwenye sikio lake nikapaza sauti kama niko darasani.

"Siku ile uliona!"

Hakuuliza siku ipi.

"Niliona!" akajibu, naye kwa kelele. "Niliona mbele yenu bote!"

"Ungeniomba! Ningekuachia ulishe bantu!"

"Niliomba!" Mishipa ya shingo ilimsimama. "Niliomba mbele ya bantu! Ukaniambia nikae, mutaniletea sahani! Mama yako aliniambia vile maisha yote, kaa, utaletewa! Na wewe pia!"

Radi ikapiga mahali karibu, taa ya sola ikayumba ukutani. Nilisubiri aseme neno jingine. Nilikuwa nimelisubiri miaka, na lingenitosha hata likiwa dogo, hata likiwa nusu. Yeye aligeuza uso kuelekea mlangoni na kusikiliza maji, akiitikia kwa kichwa polepole kama anayekubaliana nayo.

"Muhogo imeingia yote?" akauliza baadaye.

Turubai la tatu la muhogo lilikuwa nyuma ya jiko. Nililiona nilipokuwa namwingiza, nikajisemea nitarudi kulichukua. Bado ningeweza kukimbia kuliokota.

"Ndiyo, Mama mudogo," nikasema. "Yote."

Akanishukuru.